Mwenzako Yuko Wapi?

Tangu astaafu, simu yake haishiki. Kwanza tulidhani ni chaji, halafu tukadhani ni kiburi, maana kiburi alikuwa nacho cha kutosha kugawia chuo kizima. Lakini wiki zikawa miezi, na katika kundi letu la WhatsApp la waliosoma teknolojia ya chakula pale Thika hakuna hata mmoja aliyeweza kusema Madam anaishi vipi, anaishi na nani, au kama anaishi. Jambo hilo lilinichoma. Huyu alitumia miaka yake yote ya kazi kuhakikisha kwamba hakuna mwanafunzi anayepotea bila mtu kujua. Sasa alikuwa amepotea yeye, na sisi tulikuwa tunatumiana picha za watoto na keki.

Kabla sijasema tulivyomtafuta, wacha niseme tulikuwa tunamtafuta nani.

Alitufundisha masomo ya maabara. Nadharia ilikuwa ya wengine, watu wa suti na slaidi. Yeye alikuwa wa meza, bureti na pipeti, na koti jeupe lililofuliwa mpaka likawa na rangi ya maji ya mchele. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini iliyokulazimu unyamaze ndipo uisikie. Alipita kati ya meza zetu mikono nyuma, kama mtu anayekagua shamba la jirani. Ukimwaga asidi hakupiga kelele. Alisimama tu kando yako mpaka umalize kupangusa, na afadhali angepiga kelele.

Hakuwahi kuita majina ya darasa. Alimnyooshea mtu kalamu na kuuliza, "Mwenzako yuko wapi?" Kila mmoja wetu alikuwa na mwenzake wa meza, aliyepangiwa na Madam siku ya kwanza, na ndoa hiyo haikuwa na talaka. Hukuruhusiwa kujijibia mwenyewe. Ulimjibia mwenzako, na kusema "yuko" peke yake hakukutosha.

"Yuko, Madam, lakini hajakula."

"Yuko, Madam, jino linamsumbua."

"Hayuko, amepeleka cucu, nyanya yake, hospitali. Atafika saa nne."

Ukijibu kwamba hujui, aliyeandikwa hayuko ni wewe, hata kama umesimama mbele yake na miwani ya maabara usoni. Kuna kijana mmoja wa Ruiru aliyejaribu kubishana.

"Lakini Madam, si mimi niko hapa?"

"Uko wapi?" akamuuliza. "Mimi naona koti tu."

Tulicheka, kijana naye akacheka, ila tangu siku hiyo alikuwa akimpigia mwenzake simu kila asubuhi kabla hata ya kupiga mswaki. Na sote tulifanya hivyo. Ungetusikia saa moja asubuhi ungedhani ni darasa la wapenzi: "Umeamka? Uko sawa? Umekunywa chai? Niambie kitu cha kumwambia Madam."

Mwenzangu alikuwa Zuhura. Mimi nilitoka Kalimoni, kwenye boma la ng'ombe watatu na mama asiyependa maneno mengi, na nilikuwa nimepanga kimoyomoyo kumaliza chuo bila kuongea na mtu. Zuhura alikuwa wa Majengo, Thika, mtoto wa nyumba ya watu wengi, na aliongea kana kwamba kunyamaza kunatozwa kodi. Wiki ya kwanza nilimchukia. Ya pili nikamzoea. Kufikia mwisho wa muhula nilikuwa najua siku ambazo babake anaingia zamu, ugonjwa wa paka wao, na kwamba yeye hulia akisikia watu wakiimba pamoja, wimbo wowote, hata wa matangazo. Mtu akiniuliza nani alinifundisha kuongea, namtaja yeye. Wanaonifahamu wanasema alipitiliza.

Majina yetu hayakukaa kichwani mwa Madam, au alijifanya hayakai. Mimi nilikuwa "Mwenzake Zuhura". Zuhura alikuwa "Mwenzake yule wa Kalimoni". Siku ya kugawa zawadi, mkuu wa idara alipomuuliza nani alifanya vizuri zaidi maabara, alitaja majina mawili ya watu wa meza moja. Akaambiwa zawadi ni ya mtu mmoja. Akasema basi ikae.

Alikuwa na misemo yake. "Pipeti haijui haraka." "Moto hauulizi umefika darasa gani." Na ule aliourudia kuliko yote: "Mtu asiye na wa kumuulizia ameshapotea, amebaki kuzikwa tu."

Sasa hapo ndipo palipotushinda kumwelewa, maana yeye mwenyewe hakuwa na wa kumuulizia. Saa ya chakula alijifungia kwenye chumba kidogo cha kuhifadhia chupa za kemikali, na tulisikia ufunguo ukizungushwa ndani. Alikula huko peke yake, kati ya vibandiko vya hatari. Walimu wengine waliacha kumwita zamani. Njoroge, mwenzetu mwenye kigugumizi na moyo mkubwa, aliwahi kumgongea mlango na kumpelekea nduma moto. Mlango ukafunguka kidogo, mkono ukatoka, ukachukua nduma, ukarudi. "Asante," tukasikia, na ufunguo ukazunguka tena. Mamake alipofariki tulijua baada ya mazishi. Tulipomwambia tulitaka kuja kumfariji, alisema, "Someni." Na macho yake yalikuwa mekundu, hilo tuliliona sote, na tukasoma.

Kwa Njoroge ndipo nilipoona upole wake. Zamu ya Njoroge kujibu ilikuwa ndefu. Neno "yuko" lilimkwama mlangoni kama ng'ombe aliyekataa kuingia zizini. Madam alisubiri. Hakumsaidia kumalizia, hakuangalia saa, hakutazama pembeni. Siku moja mtu wa nyuma alicheka, na Madam akamwambia kwa sauti yake ile ya chini, "Toka nje ucheke mpaka uishe, halafu urudi." Jamaa alirudi amekauka.

Halafu ikaja korona, chuo kikafungwa, kila mtu akaenda kwao.

Chuo kilitutumia video. Mkono wenye glavu, usio na mwenyewe, ulipima asidi tone kwa tone, na wewe nyumbani ukaandika majibu. Darasa la kwanza la mtandaoni Madam aliingia, akatazama vile visanduku vyeusi vyenye majina yetu, kamera zote zimezimwa kwa ajili ya kuokoa bundles.

"Hii ni kama kufundisha makaburini," akasema. "Majina mengi, na hakuna anayepumua."

Wiki iliyofuata nilipigiwa simu nichukue parseli Juja. Ndani kulikuwa na vipande vya karatasi ya kupimia asidi, vile vya kuchovya vikabadilika rangi. Lakini ile kadi ya rangi, inayokuonyesha nyekundu ni nini na kijani ni nini, haikuwemo. Nikadhani wamesahau. Jioni Zuhura akanipigia, anacheka.

"Wewe, Madam ameniletea kadi ya rangi bila karatasi. Amezeeka?"

Hakuwa amezeeka. Alikuwa amegawa kila kitu darasa zima namna hiyo, mmoja karatasi, mwenzake kadi, ili asiwepo wa kumaliza kazi peke yake. Nilichovya karatasi kwenye maziwa ya ng'ombe wetu, nikaiweka mbele ya kamera, na Zuhura akatakiwa aitazame, ailinganishe na kadi yake, aseme.

Simu yangu ilikuwa ya kuonea huruma. Kila rangi ilionekana kama chai ya rangi.

"Niambie na mdomo," akasema Zuhura. "Ni kijani?"

"Kijani inaenda manjano."

"Kijani gani? Ya sukuma wiki ama ya avocado?"

"Ya avocado, pale karibu na kokwa."

"Ah! Sasa umesema."

Siku nyingine ilikuwa maziwa lala, yaliyoganda. "Papai," nikasema. "Iliyoiva ama inayokaribia?" "Iliyoiva, ile cucu anaweza kula." Tulibuni lugha nzima ya rangi kwa matunda, sare za shule na kuta za maduka ya Thika. Wiki moja Zuhura aliniambia maziwa yetu ni kama yametiwa magadi, na mama, aliyekuwa akisikiliza akijifanya anachambua maharagwe, aliruka.

"Ati nini? Maziwa yangu? Nipatie hiyo simu!"

Kumbe Zuhura alikuwa amekaa chini ya lile bati la plastiki la kijani linaloingiza mwanga kwenye nyumba yao, na kadi yote ikawa imegeuka rangi. Alitoka nje, akaangalia tena, akaomba msamaha. Mama alimhoji kuhusu bati, paka, na ukoo wake wote mpaka salio likaisha. Mama yangu, asiyependa maneno. Tangu siku hiyo akawa ananiuliza, "Leo si siku ya yule msichana?"

Ndipo Zuhura akapotea.

Babake alikuwa mpishi kwenye hoteli moja karibu na maporomoko ya Chania. Wageni waliacha kuja, hoteli ikafunga, kazi ikaisha, Zuhura akabaki kumsaidia mamake biashara. Hayo niliyajua baadaye. Wakati huo nilijua tu kwamba simu yake imezimwa, leo, kesho, na keshokutwa. Siku ya darasa nilimpigia tena na tena tangu asubuhi.

"Mwenzake Zuhura," akasema Madam. "Mwenzako yuko wapi?"

"Sijui, Madam."

Nilitarajia aseme nami siko. Hakusema. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. "Wengine tutaonana kesho," akasema, na vile visanduku vikaanza kuondoka kimoja kimoja. Nilipobaki mimi peke yangu akauliza, "Kwao ni wapi?"

Nikamwambia. Majengo, karibu na msikiti, mamake anakaanga viazi karai pale nje.

Yaliyofuata nimesimuliwa na Zuhura mara nyingi, na huongeza chumvi kila mara, ila kiini hakibadiliki. Alimwona Madam akishuka kwenye gari lake kuukuu, barakoa usoni, akajificha nyuma ya mamake. Madam alipanga foleni kama mteja. Akaagiza viazi, akaomba ukwaju mwingi, akala amesimama, polepole, mpaka akamaliza.

"Mama Zuhura, hivi viazi ni vizuri sana," akasema. "Wateja huja saa ngapi?"

"Asubuhi kidogo, mwalimu. Halafu saa tisa kwenda mbele, mpaka kafyu."

"Na saa sita, saa saba?"

"Hapo ni mimi na nzi."

"Basi hizo ndizo saa zangu. Nitahamisha darasa."

Halafu akamwangalia Zuhura juu ya bega la mamake. "Mwenzako hayuko, kwa sababu yako. Anatafuta watu kwa simu kama mwendawazimu." Akanawa mikono, akaaga, akaondoka.

"Hakuniuliza hata kwa nini," Zuhura huniambia kila akifika hapo. "Aki angeniuliza ningelia, na nikilia mbele ya mtu siwezi rudi."

Darasa zima likahamishiwa saa sita, na wote tukapima asidi huku tukisikia mafuta yakichemka Majengo. Zuhura aliegemeza simu kwenye mkebe wa unga, kadi ya rangi mkononi, jua la mchana juu yake. Hakukosea rangi tena.

Kuna jambo jingine la wakati huo. Njoroge alichanua. Kwenye darasa la mtandaoni angeweza kuandika badala ya kusema, na kumbe Njoroge alikuwa mchekeshaji! Alimjibia mwenzake kwa aya nzima: ameamka saa ngapi, ameota nini, kuku wao amefanya nini. Tulikuwa tunamsubiri yeye. Madam alisoma ujumbe wake kwa sauti, ile sauti ya mazishi, na hilo ndilo lililotuua kwa kicheko. Siku moja alipomaliza kusoma akaisogelea kamera.

"Mimi miaka hii yote nilidhani ni meza," akasema. "Nilidhani mkiwekwa kwenye meza moja basi. Njoroge, nilikuwa nakutesa?"

Tuliona alama ya kwamba anaandika ikitokea, ikipotea, ikitokea. Hatimaye: "Kidogo, Madam. Lakini ulikuwa unasubiri."

Chuo kilipofunguliwa tulirudi mbio kama ndama waliofunguliwa, na tulichokuta kilikuwa cha kusikitisha. Maabara ilikuwa imepigwa utepe sakafuni. Kila mtu na meza yake, barakoa, ngao ya plastiki usoni, marufuku kusogeleana. Miezi yote ile nilikuwa Kalimoni na Zuhura Majengo, na sikuwahi kuhisi yuko mbali kama siku ile aliposimama meza ya tatu kutoka kwangu. Nikawa namwona akiongea na sisikii. Halafu mfuko wa koti langu ukatetemeka.

Simu ndani ya maabara ilikuwa kosa kubwa, la kufukuzwa nje. Nikaitoa taratibu.

"Sasa," ikasema sauti ya Zuhura, nami namwona mgongo. "Yako imekuwa rangi gani?"

Nilimwangalia Madam. Alikuwa ametuona. Alitutazama kidogo, akageuka dirishani, akawa anatazama miti ya nje mpaka darasa zima lilipotoa simu, na maabara ikajaa watu wanaopigiana kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine. Alibaki dirishani muda mrefu. Nilimpenda siku hiyo, na nasema hivyo bila haya.

Alistaafu kimya. Alikataa keki, akakataa hotuba, akarudisha koti stoo. Ilisemekana masomo yake yatachukuliwa na programu ya kompyuta ambayo mwanafunzi anabofya chupa peke yake. Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba siku ile aliondoka bila kumpa mtu mkono.

Basi ikawa hivyo nilivyosema, simu haishiki. Mpaka juzi Njoroge, ambaye siku hizi anaishi Ruiru, alipoandika kwenye kundi: "Nimemwona Madam supamaketi. Amenunua mkate nusu. Nimemsalimia, akasema nzuri, akaenda upande wa mtaa wa Membley."

Kundi zima lilielewa ule mkate nusu: ni wa mtu anayekula peke yake. Zuhura akanipigia. Siku hizi anatengeneza ukwaju wa chupa, na mimi napima ubora kwenye kiwanda cha maji ya matunda, na bado huwa anaanza kuongea kabla sijasema haloo.

"Jumamosi tunaenda. Akitufukuza, atufukuze tukimwona."

Mlinzi wa geti la Membley alituuliza tunaenda kwa nani. Tukaanza kumweleza: mrefu, mkavu, anatembea mikono nyuma.

"Huyo mwalimu? Wee! Yeye hana wageni," akasema. "Kwani mmetumwa?"

"Ni mama yetu," Zuhura akamwambia, bila kupepesa jicho.

Alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa amekonda, na mvi sasa zilikuwa zimefika nyusi. Alitutazama mmoja mmoja, na nikasubiri aniite Mwenzake Zuhura. Aliniita kwa jina langu. Akamwita na Zuhura kwa lake, na jina la babake juu.

Sebule ilikuwa safi sana. Kwenye meza ya kulia kulikuwa na kiti kimoja tu. Vingine vilipangwa ukutani, vimebeba vitabu na magazeti. Tulihamisha vitabu chini, tukaketi. Simu, alisema, aliitupa kwa sababu ya matapeli waliokuwa wakimpigia, na akaona hakuna mwingine atakayeitafuta namba. Alisema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayesoma matokeo.

"Sisi tulitafuta, Madam," nikasema.

"Nimeona."

Alitaka habari za wote. Nani ameoa, nani ameacha kazi, Njoroge anaendeleaje. Zuhura alimwaga habari kama kawaida yake, na Madam akasikiliza, na mara mbili alicheka, kicheko kikavu ambacho sikuwahi kukisikia. Kisha Zuhura, ambaye hana breki, akauliza lile ambalo sote tulikuwa tumelimeza kwa miaka.

"Madam, kwa nini ulikuwa unajifungia kwa ile store?"

Nilimkanyaga mguu, nikachelewa. Madam aliangalia mikono yake.

"Mimi sijui kukaa na watu," akasema. "Nilijaribu nikiwa msichana, sikuweza. Mtu akiniangalia nakula, chakula kinakataa kushuka. Najua tu kuwakalisha wengine. Nikajiambia, basi nifanye hiyo ninayojua."

Chai aliyotuandalia ilipoa vikombeni, watoto wa jirani wakapita nje na baiskeli, na baadaye nikaona ni vyema tumwachie nafasi yake, tusije tukamchosha siku ya kwanza. Tukasimama, tukachukua mikoba yetu. Nikamwambia tutarudi.

Madam hakusimama. Aligeukia dirisha.

"Mvua inakuja," akasema. "Mtanyeshewa."

Tuliangalia nje. Jua lilikuwa kali, anga nyeupe hakuna wingu hata la kusingizia, na nguo za jirani zilikuwa zimekauka mpaka zimekakamaa kwenye kamba. Nikamtazama Madam. Alikuwa ameshikilia ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, na hakuthubutu kutuangalia.

"Ni kweli, Madam," Zuhura akasema, akaweka mkoba chini, akavua viatu. "Na hii ni ile mvua haiishi leo."

Mimi nikachukua birika, nikaingia jikoni kwake kuchemsha chai nyingine, na hakunizuia.